Geti la Kisima cha Tisa

Des Tranter alifanya kazi ya maji kwa miaka thelathini na mmoja katika ranchi ya Mornay, kusini mwa Ghuba ya Carpentaria huko Australia, na sidhani kama leo kuna kijana anayejua kazi hiyo ilikuwa nini. Visima vilikuwa ishirini na viwili, vimetawanyika katika nchi ambayo ukiendesha gari kutwa nzima hujaimaliza. Alivizunguka kila baada ya siku moja. Alipanda kinu cha upepo akakitia mafuta, akashuka, akatoa kasuku aliyezama kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, akatazama boya kama linapanda na kushuka, kisha akasoma nyayo kujua ng'ombe wangapi wamekunywa na wangapi hawakuja. Hakuandika chochote. Mimi nilikuwa mjenga nyua wa ranchi hiyohiyo. Mara nyingi tulikula pamoja mchana, nyama ya chumvi na mkate, na tukishazungumza maneno kumi tuliona tumepiga soga.

Kisha kampuni ikainunua ranchi. Ikaleta pampu za umeme wa jua, na kwenye kila tangi ikaweka kamera na kipimo. Maji yakawa yanatazamwa na msichana katika ofisi ya Brisbane, safari ya siku mbili na zaidi kwa gari, ambaye hajawahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe. Des akastaafishwa, akapewa saa ya ukutani. Mkewe alipofariki akahamia Townsville, katika chumba cha uani kwa binti yake Leanne, akawa mtu wa kukumbushwa kufunga mlango wa friji.

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, shule zilipofungwa, Leanne na mumewe Brett waliifunga karavani nyuma ya gari, wakasema wanampeleka Des akaione nchi yake. Karavani yao ilikuwa na vitanda, jiko, choo na televisheni. Sisi tulizunguka nchi hiyo na turubai moja na sufuria. Lakini nia yao ilikuwa njema, sikatai. Brett ni fundi viyoyozi, mtu mpole, na safari nzima alikuwa akihangaika kumpendeza baba mkwe wake. Kila Des alipolalamika kuhusu wasafiri wa siku hizi, takataka zao na makelele yao, Brett aliitikia kuliko wote.

Siku ya tatu walikatisha Mornay kwa barabara ya vumbi. Des alikuwa amemeza dawa yake ya mgongo, akasinzia kiti cha nyuma katikati ya wajukuu wawili, kichwa kikigonga dirisha. Jioni walipiga kambi kando ya mto, kilomita mia na arobaini mbele.

Asubuhi yake, saa nne, walikuwa bado wanakunywa chai.

"Jana nimefungua na kufunga mageti manne, Des," Brett alisema. "Ungenionea fahari. Moja watu wameliacha wazi kabisa, nikalifunga. Hawana adabu."

Des aliweka kikombe chini. "Lipi?"

"Lile lenye tairi jeupe kwenye nguzo."

"Lilikuwa linaning'inia tu, au limefungwa likiwa wazi?"

Brett alifikiri. "Kulikuwa na mnyororo. Umelishika kwenye ua. Nimehangaika nao, umeshika kutu."

"Mtu aliyelifunga na mnyororo likae wazi, ulidhani anacheza?"

Geti hilo nalijua, nguzo zake nilizichimba mimi. Kisima cha nane kilikauka zamani. Ng'ombe wa upande ule hula majani mashariki, kisha hupita getini kwenda kunywa kisima cha tisa, mita mia mbili magharibi. Hawana maji mengine. Katika nchi ile sheria ya kwanza, kabla mtoto hajajua kusoma, ni kwamba geti unaliacha kama ulivyolikuta. Ukilikuta limefungwa, funga. Ukilikuta wazi, liache wazi, hata kama roho inakuuma. Brett alidhani adabu ni kufunga.

"Tangu lini hawajanywa?" Leanne aliuliza.

"Tangu jana asubuhi. Kesho watakuwa wanaanguka."

"Baba, siku hizi kuna kamera. Wataona."

"Kamera inatazama maji. Haitazami geti."

Walipiga simu ya setilaiti. Msichana wa Brisbane alipokea kwa heshima zote.

"Tangi namba tisa limejaa, bwana. Asilimia tisini na tisa. Kila kitu kiko sawa."

"Limejaa kwa sababu hakuna anayekunywa, mwanangu."

"Sina taarifa ya tatizo lolote hapa, bwana. Lakini nitaandika."

"Andika," Des alisema, akamrudishia Leanne simu.

Leanne alikuwa amelipia mashua ya kuwatembeza watoto korongoni kesho yake, nafasi aliyoitafuta tangu Februari. Akasema ameshatoa taarifa, inatosha, ng'ombe ni wa kampuni.  Des akachukua kofia na chupa ya maji, akaanza kutembea kurudi walikotoka.

"Kilomita mia na arobaini, Baba!"

"Nitapata lifti."

"Una miaka sabini na sita!"

"Ndiyo maana naondoka mapema."

Brett alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya gari, akiitenganisha karavani na gari. "Ninyi nendeni na majirani wa kambini kesho," alimwambia mkewe. "Nimelifunga mimi."

Ile barabara ina matuta kama ubao wa kufulia. Yeye na Des walifika getini saa nane na nusu. Ng'ombe mia moja na sitini walikuwa wamesimama kwenye ua, wamebanana, hawalii tena. Mmoja alikuwa amelala chini. Brett alitaka kulifungua geti upesi.

"Taratibu," Des alisema. "Ukiwaachia wote watakanyagana birikani. Kaa hapo, wapitishe kumi kumi. Hesabu kwa sauti wakusikie."

"Wakikataa?"

"Watukane. Mimi nao tulikuwa tunatukanana kila siku."

Wakawapitisha. Brett alitukana kwa aibu mwanzoni, kisha akakolea. Des alitangulia na gari hadi birikani. Ng'ombe wa kwanza walikunywa, wa pili wakanywa, maji kwenye tangi yakashuka kwa kasi, na hapo mashine ikafanya ilichofundishwa. Ikaona maji yanapotea, ikadhani bomba limepasuka, ikafunga koki yenyewe. Birika likakauka mbele ya ng'ombe mia wenye kiu, na waliokuwa nyuma wakaanza kusukuma.

Des alichukua spana katika kisanduku cha Brett, akalala chini kati ya kwato, akafungua kiungio cha bomba kilicho kabla ya ile koki. Maji yakamrukia usoni. Akayaelekeza birikani kwa kipande cha bati na mguu wake mmoja, akabaki amelala hivyo kwenye tope karibu saa mbili, mpaka wote wakanywa.

Helikopta ilikuja saa kumi na moja. Alishuka meneja, kijana aitwaye Cody, miwani ya jua kichwani.

"Nani kakuruhusu kufungua bomba? Ofisi imeniambia kuna uvujaji."

"Ofisi iliambiwa asubuhi kuna geti limefungwa."

"Hiyo sikuambiwa. Wewe ni nani?"

"Nilikuwa nafanya kazi hapa."

"Lini?"

Des alimtazama. "Kabla yako."

Brett akasema ni yeye aliyelifunga geti, na kama kuna wa kulaumiwa yuko hapa. Cody aliwatazama ng'ombe, akamtazama yule mmoja aliyelala kule getini, ambaye hakuinuka. Akasema haya, asante, wafunge bomba. Hakujua kulifunga mwenyewe. Des akamwonyesha.

Njiani Brett alimwuliza kama bado ana hasira naye. Des akasema hapana, mtu akifundishwa vibaya anafanya vibaya, na kwamba kwa matusi yale anaweza kupata kazi ya ng'ombe. Walilala njiani, na mashua iliondoka bila wao. Mgongo wa Des ulimlaza kitandani mwa karavani siku nne, mbele ya televisheni.

Mwezi uliofuata kampuni ilimtumia barua ya shukrani, imeandikwa kwa Bwana Dennis Trantor. Haikuajiri mtu wa maji. Ilikwenda kufunga kamera ya pili kwenye kisima cha tisa, hii ikitazama geti. Nguzo yangu ndiyo waliyoipigia misumari.