Siku Niliyosafisha Shamba la Mama Mkwe

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyomng'oa mume wangu kwa jembe, tena huku naimba. Usicheke. Kaa hapo kwenye kigoda, hiyo pampu ya dawa iegemeze ukutani, nikueleze. Wewe ndiye mke mpya kwenye boma hili sasa, na juzi uliniuliza swali ambalo mimi katika umri wako sikuliuliza.

Mimi si mtu wa huku Usangu, unajua. Nilizaliwa milimani Iringa, upande wa Kilolo, kwenye nyumba ya Walutheri wa kweli kweli, wale wanaokwenda kanisani kwa miguu na kukagua mashamba ya wenzao njiani. Kwetu sifa ya mwanamke ilikuwa shamba safi, na usafi wenyewe ulikuwa wa aina moja tu: udongo mtupu. Bua la mwaka jana lisionekane, jani lisilo la mahindi lisionekane. Mama yangu akimaliza kupalilia alifagia mpaka wa shamba. Kwa ufagio, mwanangu, sikudanganyi. Mwanamke mwenye takataka shambani alisemwa hadi kwenye mazoezi ya kwaya.

Basi nikakutana na babu yenu mnadani, na hayo ni mambo mengine, sikukuita kwa hayo. Nikaolewa, nikaletwa hapa. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohama na ng'ombe kutoka kaskazini hadi bonde hili kabla yeye hajazaliwa. Watu wema, wakarimu, maziwa unakunywa mpaka unakataa. Lakini nilipoliona shamba la mama mkwe, nilisikia aibu kana kwamba ni langu. Mabua ya mwaka uliopita yalikuwa yamelala chini yote, hakuna aliyeyachoma. Plau ilikuwa imeegemea zizi inaota kutu. Mvua za kwanza ziliponyesha, mama mkwe hakulima. Alichukua mti uliochongwa ncha, akapenya katikati ya mabua yale, akatoboa shimo, akatia mbegu, akafukia kwa mguu, akasonga mbele. Nikajisemea moyoni, hawa wanajua ng'ombe tu, kilimo bado.

Sikumuuliza kwa nini. Hapo ndipo nilipopotea, na nilipotea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni adabu. Mke mpya huku haongei ovyo, na baba mkwe ndiyo kabisa, ukimwona njiani unampisha. Ya pili ni kiburi, na hiyo ndiyo nilikuwa naificha nyuma ya ile adabu. Nilidhani hakuna cha kuuliza.

Mahindi yalipofika magotini, mama mkwe aliingia shambani na mfuko mdogo, akapanda kitu katikati ya mistari. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye majaruba ya mpunga na wengine, sikumwona. Siku chache baadaye habari zikaja kwamba binti wa dada yake amejifungua kule Ruaha Mbuyuni, akafunga kanga zake akaenda kumsaidia kulea. Akanikabidhi nyumba. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Mayu, nitunzie mahali hapa." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na wao humwita hivyo hata binti mdogo wakimpenda.

Mwanangu, niliposikia "nitunzie" nilisikia "nisafishie."

Wiki ya tatu nikaenda kulitazama shamba. Mahindi yalikuwa mazuri, lakini chini, katikati ya mistari, kulikuwa na majani mapana matatu matatu, yamejaa, yameanza kutambaa. Nikadhani ni maharage pori. Nikaona ndiyo hayo, mama wa watu anafunikwa na magugu na hakuna anayemwonea huruma. Wengine wote walikuwa majarubani kutoka asubuhi hadi jua linazama, kwa hiyo hakuna aliyeniona. Nilipalilia siku tatu. Niling'oa kila jani lisilo la mahindi. Niliyakusanya na yale mabua, nikayaburuta pembeni, yakikauka kidogo nayachoma. Na nilikuwa naimba nyimbo za kwetu, sauti ya kwanza na ya pili, peke yangu. Siku ya tatu jioni udongo uling'aa. Kilichobaki ni kipande kidogo tu cha chini, karibu na mfereji, mgongo ulikuwa umenishinda. Nikasema nitamalizia Jumatatu.

Jumapili ikanyesha mvua kubwa. Udongo wangu ule mtupu ulikimbia na maji hadi mferejini, na jua lilipotoka ukakauka juu ukawa mgumu kama sakafu. Sikujali sana, ila kule chini kulikuwa bado na tope, nikaahirisha kumalizia. Kwetu mvua hufanya hivyo na watu husema ni mvua tu.

Mama mkwe alirudi Jumanne na mfuko wa vitunguu kichwani. Sikumpa hata nafasi ya kunywa maji. Nilimpokea mzigo nikamwambia, "Shikamoo mama, njoo uone." Nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe, nimejaa furaha mpaka masikioni.

Alisimama mpakani. Alitazama shamba, akanitazama mimi, akatazama jivu pembeni. Kisha akaingia, akainama, akaokota mche mmoja uliokuwa umenyauka kwenye mstari, haukufika motoni. Akaushika mbele yangu.

"Mayu," alisema taratibu, "hii ulong'oa ni mume wako."

Nikadhani ni Kisukuma kimechanganyika na Kiswahili, sikuelewa. Nikacheka. Yeye hakucheka, ila hakukasirika pia, na hilo ndilo lililonitisha. Aliketi chini pale pale kwenye udongo wangu safi, akanivuta nikaketi naye, akaniambia yote.

Mmea ule ulikuwa fiwi, jamii ya maharage, chakula cha ng'ombe. Aliupanda yeye mwenyewe, ule mfuko mdogo. Bonde lilikuwa halichungiki tena kama zamani, nyasi zimepungua na si kila mahali ng'ombe anaruhusiwa kuingia. Tulikuwa na ng'ombe watano, na mmoja, Madoa, alikuwa na mimba. Baba mkwe alikuwa ameshasema neno lake: masika yakiisha, kama hapa nyumbani hakuna chakula cha kuwavusha ng'ombe hawa kiangazi, wataungana na kundi la ndugu yake na kupelekwa mbali, huko nyuma ya Makongolosi, na mwanawe wa mwisho atakwenda kuwachunga. Mwanawe wa mwisho ni nani? Ni babu yenu, mume wangu wa miezi minne. Naye alikuwa anajua, akashindwa kuniambia. Alikuwa anaogopa nitalia.

"Kaka yake alienda hivyo hivyo," mama mkwe alisema. "Aliniambia mama, ni kiangazi kimoja. Leo ana mji wake huko. Mimi namwona kwenye misiba tu."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mwanamke wa watu wenye ng'ombe ameacha plau iote kutu. Mtaalamu mmoja wa kilimo alikuwa amepita vijijini kutokea upande wa Uyole, akaonyesha namna ya kupanda mahindi na chakula cha ng'ombe kwenye shamba moja bila kulichimbua. Wanaume walimsikiliza wakaenda zao. Mama mkwe alimfuata hadi barabarani akamwomba mbegu. Mabua alikuwa anayaacha makusudi, yashike maji. Fiwi alikuwa ameichelewesha makusudi pia, kwa sababu ukiipanda siku moja na mahindi inayakwea na kuyalaza. Kila nilichokiona uchafu alikuwa amekiweka kwa mkono wake, kwa ajili ya kumbakiza mtoto wake nyumbani. Na mimi nimekichoma, nikiimba.

Nililia, mwanangu. Nililia kwa sauti mpaka kunguru wakaruka. Mama mkwe aliniacha nilie, kisha akauliza, "Imebaki yoyote?"

Nikamwonyesha kile kipande cha karibu na mfereji. Aliinuka, akaenda akakitazama, akashika udongo chini ya majani. Ulikuwa bado na unyevu, umetulia, mvua ya Jumapili haikuuchukua. Akarudi anatembea haraka. "Ndani, juu ya jiko, kuna kibuyu. Sikupanda mbegu yote. Kalete."

Ah, kibuyu kile! Mpaka leo nikikikumbuka moyo unashuka mahali pake. Alikuwa amebakiza karibu nusu, kwa sababu hakuwa akiiamini mvua. Hakujua kwamba angepaswa asimwamini mkwewe.

Tulipanda upya siku tatu, sawasawa na zile siku zangu tatu. Yeye anatoboa, mimi natia. Nilikata nyasi kavu kando ya mfereji nikazibeba kichwani, nikautandika ule udongo niliouvua nguo. Mama mkwe hakumwambia mtu. Watu waliporudi kutoka majarubani na kutukuta tumeinama, aliwaambia tunarudishia mapengo. Haikuwa uongo, ila mapengo yenyewe yalikuwa karibu shamba zima.

Baada ya hapo ilibaki kungoja mvua. Tulikuwa tumechelewa, na kama mvua zingekatika mapema kama mwaka uliotangulia, fiwi isingefika popote. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilitoka kutazama mawingu ya upande wa milima. Nilimwambia Mungu kwamba akininyeshea mpaka Pasaka, sitamsema tena mwanamke yeyote kwa ajili ya shamba lake. Ikanyesha mpaka Pasaka ikapita. Fiwi ilitambaa, ikafunika kila kitu, ikatoa maua ya zambarau chini ya mahindi yanayokauka. Nililiangalia shamba lile lililojaa majani kila mahali na nikaliona zuri. Mama yangu angezimia.

Siku moja baada ya mvua kukatika, baba mkwe alikuja kukagua. Kidumu cha maji cha safari kilikuwa tayari begani mwake, kile ambacho mchungaji anapewa anapoondoka na kundi. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye migomba, kwa adabu na kwa woga. Alitembea mstari kwa mstari. Alivuta mkono mmoja wa fiwi, akaupima kwa macho, akampa Madoa aliyekuwa amefungwa karibu. Madoa akala wote na kunyoosha shingo apewe mwingine. Alirudi nyumbani, nami nikamfuata kwa mbali, nikamwona akiingia barazani na kukitundika kile kidumu kwenye msumari wake.

Nilikaa chini palepale njiani. Hakuna furaha niliyowahi kuipata, hata siku ya kuzaa, iliyoizidi ile. Babu yenu alinikuta hapo, akadhani nimeumwa na nyoka.

Tulivuna mahindi, tukakata fiwi na kuikausha kivulini, Madoa akazaa mwezi wa tisa na maziwa hayakukatika. Mama mkwe alinifundisha jambo moja wakati wa kukata. Nilikuwa navuna yote hadi chini, akanishika mkono: "Achia udongo nao ule." Kwa hiyo mizizi tuliiacha, na sehemu ya majani tuliilaza. Shamba hili halijaonja plau toka wakati huo. Na babu yenu, yule anayekohoa zizini, hajawahi kwenda kuchunga nyuma ya Makongolosi.

Sasa nije kwako. Juzi ulitoka ndani na pampu hiyo mgongoni, umeazima kwa watu, umeijaza dawa ya kuua majani. Nilikuwa nimeketi hapa hapa. Nilikuona unaelekea kwenye mahindi, na magoti yangu haya hayawezi tena kukimbia. Nikafungua mdomo nikuite. Ukafika mpakani. Ukasimama. Ukageuka, ukaniuliza, "Samahani bibi, haya majani ya katikati mmeyapanda au yameota?"

Hujui ulichonifanyia. Nilijibu "tumeyapanda" kwa sauti ndogo ukadhani nimechukia. Sikuchukia, mwanangu. Nilikuwa nazuia machozi.

Nasaha yangu basi ni hiyo uliyokwisha kuifanya, nataka tu uishike isikuponyoke utakapozoea hapa. Ukiingia kwenye shamba, kwenye nyumba, hata kwenye moyo wa mtu, ukaona kitu kinachokukera, uliza kwanza nani amekiweka na kwa ajili gani. Adabu ya mke mpya isikufunge mdomo. Swali lililoulizwa kwa heshima ni adabu pia. Ukikosea, sema mapema, kabla mvua hazijakatika. Na ukiwa mama mkwe siku moja, mbegu usipande yote, na mkweo usimwache akisie. Mimi mama mkwe wangu alinisamehe, lakini alikiri mwenyewe kwamba kama angenionyesha ule mfuko, nisingeimba zile nyimbo.

Mungu akuzeeshe kwenye boma hili ukiwa na meno yako. Akupe watoto wanaouliza maswali na ng'ombe wasiojua njia ya mbali. Pampu ya watu irudishe kesho asubuhi. Sasa inuka, nenda ukamwangalie mumeo pale katikati ya mahindi. Yupo, ametambaa vizuri, na hakuna aliyemng'oa.