Nyumba Iliyoungua Ng'ambo ya Barabara

Katika ofisi hii ya watu wawili wanaotengeneza michezo ya kompyuta, kanuni inajulikana hata na mafundi viatu walio chini: anayehamisha alama ya kuanzia huirudisha chumbani kabla hajainuka kitini, na asiyeirudisha huosha choo wiki nzima.

Saa mbili asubuhi. Mama Kuta anafuta vumbi la ngozi lililopanda kutoka kwa mafundi hao, kisha anawasha kompyuta hata kabla hajavua mtandio. Kwenye kioo inatokea nyumba ya ghorofa moja. Ndani yake, kando ya kitanda cha mtoto, kimesimama kibendera chenye mshale. Hiyo ndiyo alama ya kuanzia: mchezaji huzaliwa pale ilipo, akitazama upande ulioelekezwa na mshale.

"Ipo," anasema, bila furaha yoyote. "Na jana ilikuwepo."

Saa nne, afande wa kikosi cha zimamoto atakuja kwa mara ya tatu, na amekwisha kutamka kwamba hakuna ya nne. Mchezo huu wa kompyuta umekusudiwa kuwafundisha watoto jinsi ya kutoka katika nyumba inayoungua. Ukikataliwa hakuna malipo, na malipo hayo ndiyo kodi ya chumba hiki kwa miezi minane. Mama Kuta, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, atalazimika kurudi kwa mkandarasi ambaye yeye alikuwa akimchorea ramani za nyumba. Kazi hiyo ilimpa jina lake. Aliiacha kwa kuwa mkandarasi alilipa alipojisikia.

Ziara ya kwanza iliharibiwa na uzembe wa dhahiri. Mchoraji wa ofisi, ambaye ni mdogo wa mume wake, alikuwa ameihamishia alama jikoni ili autazame kwa karibu moto alioupaka rangi, kisha akaenda zake kunywa chai. Afande alizaliwa katikati ya ndimi za moto, akafa kabla hajabonyeza kitufe. Hapo ndipo kanuni ilipotungwa.

Ziara ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi. Afande alijikuta chumbani, kama ilivyopasa. Akainama ili apite chini ya moshi, moshi haukuwapo. Akaupapasa mlango, ulikuwa wa baridi. Akashuka ngazi, akatoka nje, akaisukuma kompyuta mbele.

"Mama, nimeokoka," alisema. "Ila sijui nimeokoka nini."

Mchoraji aliapa kwamba hakugusa kitu. Mama Kuta hakumsikiliza; alimkabidhi ndoo. Wiki nzima mafundi viatu walimwita afande wa maji.

Asubuhi hii Mama Kuta anaujaribu mchezo: moshi, mlango wa moto, kila kitu sawa. Anaujaribu tena: chumba kitulivu, hakuna hata cheche. Anaitazama alama. Iko pale pale.

"Shemeji, umeshika nini tena?" anamuuliza mchoraji anayeingia.

"Mimi? Ndiyo kwanza naingia, hata begi sijatua."

"Vitu havitembei vyenyewe."

"Basi niwekee mlinzi, shemeji."

Kwa muda mrefu Mama Kuta hana neno jema kwa mtu wala kwa chombo. Anailaumu programu, anaulaumu umeme, na zaidi ya yote anawalaumu vijana wa siku hizi, ambao kwa maoni yake hawawezi kurudisha hata kifuniko juu ya sufuria. Mchoraji anavuta kiti na kukaa nyuma yake. Chumba kitulivu kinapotokea tena, anamwomba amsogeze mtoto wa mchezoni hadi dirishani.

"Shemeji," anasema polepole, "mbona nyumba yetu inaungua kule ng'ambo?"

Mama Kuta anasogeza uso kwenye kioo. Ng'ambo ya barabara, nyumba ile ile inafuka moshi jikoni. Mtoto amesimama kwa jirani.

Mama Kuta mwenyewe ndiye aliyemjenga jirani huyo. Kabla ya ziara ya pili aliona barabara iko tupu. Badala ya kusimamisha kuta mpya aliinakili nyumba nzima, akauondoa moto, akaridhika. Kibendera kilichokuwa kando ya kitanda kilinakiliwa pamoja na kitanda. Kukiwa na alama mbili, programu huokota yoyote. Na katika ofisi hii hakuna mwingine anayegusa kuta.

Anaifuta alama ya pili. Anajaribu tena na tena. Kila mara moshi unampokea.

Afande anafika, anazaliwa chumbani, anainama, anapapasa mlango, anarudi nyuma na kutafuta njia nyingine. Anapotoka nje jasho linamtiririka. Anatia saini, kisha anauliza iwapo wanaweza kumtengenezea bweni la shule.

"Vitanda navinakili kwanza," Mama Kuta anamwambia mchoraji baada ya mgeni kuondoka. "Alama naiweka mwisho, kwa mkono wangu."

Mchoraji anasema kwamba yaliyopita yameisha, na kwamba si vizuri mkubwa aonekane na ndoo mbele ya mafundi. Mama Kuta amekwisha kukunja mikono ya gauni.

"Kanuni haikutaja umri. Wiki mbili, shemeji: moja yangu, na moja niliyokudhulumu."

Anashuka ngazi, anapiga magoti juu ya sakafu ya choo, na kuanza kusugua kutoka kona ya mwisho.