Koko Aonje Kwanza

Binti yangu alikuwa na miaka minne alipovimba koo. Bendera ya uhuru ilikuwa ingali mpya, nami nimeolewa kisiwani Nosy Be kutoka mji wa Mahajanga. Daktari alinipa chupa ya penisilini ya maji, nyekundu, tamu, akanionya: siku kumi kamili, mara tatu kwa siku. Tukikatiza, ugonjwa unaweza kushukia moyoni. Dada yangu alikufa kwa moyo. Niliogopa sana.

Ila nyumba ilikuwa ya mama mkwe, na kwake mtoto halishwi kitu kigeni kabla mkubwa hajasoma Bismillahi akaonja. Akaonja asubuhi. Akaonja tena mchana, eti ahakikishe. Mashoga zake wa Kikomori wakaja kumjulia hali mgonjwa, nao wakaonjeshwa, wakabishana kama ni ladha ya ndizi au ya waridi. Asubuhi ya siku ya sita nikainamisha chupa: tupu!

Jamani, nilipandwa na hasira! "Mmemnywea mtoto dawa yake!" Mtu hamwambii mkwewe hivyo, lakini nilimwambia, tena kwa sauti.

Duka la dawa lilikuwa limeishiwa ya maji. Bahati nzuri mama yangu kule Ampisikina, Mahajanga, asiyeamini kabisa dawa tamu, alikuwa ameshanitumia vidonge vya penisilini ile ile. Daktari akavikubali. Nikavisaga, nikakoroga na asali. Lo, uchungu wake! Mtoto akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Koko aonje kwanza!" Koko ndiye bibi kwetu.

Mama mkwe akanitazama, akakitazama kijiko. Akasoma Bismillahi, akachovya kidole, akalamba. Macho yalimjaa maji, lakini uso haukutikisika.

"Tamu, mwanangu. Inaishinda ile."

Mtoto akafungua kinywa. Ikawa hivyo mara tatu kwa siku, siku tano. Hasira zangu ziliisha siku ya pili, ila kiburi kilinizuia kumwambia.

Dawa ilipokwisha tukarudi kwa daktari. Akasikiliza kifua, akasikiliza tena, akasema moyo ni mzima. Nikaangua kilio.

"Yaani yamekwisha?" mama mkwe akauliza. "Hanywi tena?"

"Yamekwisha, mama."

"Haya, sasa niacheni nikunje uso."

Akaukunja pale pale mbele ya daktari, mkunjo wa siku tano nzima, machozi yakimtiririka.