Mluzi wa Mpiga Kasia

Kabla ya kuzunguka kila mwamba wa Ziwa Naivasha, mpiga kasia aligonga ubavu wa mtumbwi, akatega sikio, ili kiboko aliyelala upande wa pili asishtuke akawapindua. Njia ikiwa shwari alipiga mluzi, na roho ya Wamuyu, aliyembeba mwanawe mgongoni, ikatulia. Mumewe alikuwa ameng'ang'ania kingo. Kwenye mwamba wa mwisho mpiga kasia aligonga, akatega sikio. Mluzi haukuja. Mapovu yakapanda chini yao. Taratibu akavua koti lake la vita vya Burma, ambalo hakulivua hata juani.

"Mama, fungua leso," akanong'ona. "Nifunge mimi huyo mtoto mgongoni. Nyinyi hamjui kuogelea."