Kichwa Kilichokwisha Kunyolewa

Mdogo wangu ni kinyozi, wateja wanamwita Wembe. Mimi ni fundi cherehani. Kati ya kibanda chake na changu kuna ukuta wa mbao wenye ufa, nami huchungulia, sifichi. Anamkalisha mtu kitini, povu kidevuni, anawasha kamera ya simu: "Uwanja wetu wa mpira unauzwa. Wewe unasemaje?" Vijana wasiowahi kukanyaga mkutano wa mtaa wakaanza kusema, na maelfu wakamfuata mtandaoni. Nilijivunia.

Kisha akaja bwana mmoja wa shati jeupe, eti kunyolewa kichwa. Nikachungulia. Kichwa kinang'aa kama sufuria mpya!

Nikamvuta Wembe pembeni. "Pale unanyoa nini?"

"Dada, kwako kila mtu mpelelezi. Mteja ni mteja."

Haya. Bwana akazungumza kwa uchungu mbele ya kamera, mpaka waliosubiri zamu wakapiga makofi. Mwishowe akasema, "Vijana, tusiishie kwenye simu. Atakayekuja uwanjani Jumamosi aandike hapa chini jina, mtaa na namba yake ya simu, tujuane." Mungu wangu, wakaandika! Wakashindana kuandika, majina matatu matatu, kama wanagawiwa zawadi. Nilimsihi Wembe afute. Akanicheka. "Woga wenu huo ndio uliotufikisha hapa."

Ijumaa simu zikaanza kulia mtaa mzima. Sauti ya upole inamtaja kijana kwa jina, inamuuliza hali ya mama yake, inamshauri kesho apumzike nyumbani. Jumamosi tulisimama uwanjani mimi na Wembe na spika yake ya kukodi. Greda likaja, likang'oa magoli. Roho iliniuma, wacha.

Siku hizi wateja wakiingia wanauliza kwanza simu iko wapi. Huko mtandaoni vijana wanaandika kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nani, hawasemi.

Jana Wembe alikuja mlangoni kwangu, taulo begani. Nikadhani amekuja kuniomba radhi, nikasimamisha cherehani.

"Dada," akasema, hanitazami usoni, "wewe ulijuaje?"

"Nilikiona kichwa, mdogo wangu. Kilikuwa kimeshanyolewa."

"Kichwa tu?"

"Kichwa tu! Ulitaka nione nini tena?"

Akarudi kwake. Kidogo nikasikia nyundo. Alikuwa anaziba ule ufa.