Mtani Kwenye Simu

Kiharusi kilimpokonya maneno baba yangu, Mfaume, mchinjaji wa Vingunguti aliyekuwa hanyamazi hata akitafuna. Mwaka 1996, mama mmoja wa Tabora, mtaalamu wa kuwarudishia wagonjwa usemi, akawa anampigia kila Jumamosi kwenye simu ya duka letu.

"Sema maji, mzee. Sema chai."

Wiki saba baba anahema tu, na mie nimechoka kumshikia simu. Ya nane, mama yule akaniuliza kabila letu. Nikamwambia Wazaramo.

"Kumbe watani! Mie Mnyamwezi, makabila yetu ruksa kutukanana. Mzee, kufa upesi nije nile pilau la msiba!"

Baba akanipokonya simu, jasho likimtiririka.

"Tangulia... wewe!"

Jumatatu nilimkuta mbele ya kioo, anafanyia mazoezi utani wa Jumamosi.