Sufuri ya Kituo cha Tisa

Karani alilamba ncha ya penseli, akaikata sufuri yangu kwa mstari mmoja, akaandika sita. Mimi nimesimama mbele yake, jicho la kushoto linatiririka machozi, na nikifumba la kulia, pale pua yake ilipo naona doa jeusi tu.

"Bwana karani," nikamwambia, "kwangu jua halikufunikwa lote. Hata sekunde moja."

"Hesabu inasema sita. Wewe ni nani?"

Simtaji jina. Taveta nzima wanamjua karani wa lile shamba la mkonge, na haya ninamwandikia yeye.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kuhesabu nilijua. Mkata mkonge anafunga majani thelathini kwa tita, na mimi nilihesabu kwa sauti kutwa nzima, moja, mbili, tatu, bila kukatika. Ndiyo sababu nilichaguliwa. Mwaka ule jua lilikuwa lipatwe mchana, na mtaalamu mmoja wa nyota alikuja kutoka ng'ambo na makaratasi marefu kama leso. Alisimama kwenye laini yangu ya mkonge na saa yake ya kubonyeza, akanisikiliza nikifunga. Majani thelathini, sekunde thelathini! Akajipiga paja kwa kicheko. Wenzangu wakaanza kuniita Saa.

Akatukalisha chini watu kumi na wawili. Akaweka sahani mchangani, jua hilo, akapitisha kifuniko cha sufuria juu yake, mwezi huo. Karani alitafsiri. Kivuli cha mwezi kina ukingo, na ukingo utapita mashamba yetu upande wa ziwa Chala. Ndani ya ukingo jua litafunikwa lote. Nje utabaki uzi mwembamba wa mwanga. Mashini yake ya hesabu imekisia ukingo unapita wapi, na kila kituo tutakaposimama jua litapotea sekunde ngapi, lakini kisio hilo linategemea ukubwa wa jua, nao hakuna aliyekuwa na hakika nao. Tukipangwa kwa mstari kuukata ukingo, kila mtu aseme sekunde alizoona, hesabu itarudiwa, na jua litapimwa.

Kulipima jua! Mimi, mwenye mikono ya utomvu! Wiki ile nilikata mkonge kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Mtaalamu akasema mawili niliyoyashika. La kwanza, usivue kioo cheusi cha kulitazamia jua mpaka uzi ukatike machoni pako mwenyewe. La pili, "Namba isiyokubaliana na karatasi yangu ndiyo niliyoifuata huku." Hilo karani alilitafsiri huku anatabasamu, akidhani ni mzaha. Kwetu shambani namba isiyolingana na ya laini nzima ilikuwa kosa. Jioni karani aliisawazisha, na meneja alimsifu kwa daftari safi.

Siku ikafika. Mtaalamu alikwenda kukaa kituo cha kwanza, mbali. Huku upande wa mwisho, mimi kituo cha tisa, tukapewa karani na firimbi yake. Vivuli vya majani vikawa vikali kama vimekatwa kwa wembe. Upepo ukapoa. Kisha Kilimanjaro ukazimika wote, na lile giza likaja mbio kwetu! Ngozi ilinisisimka mpaka kisogoni. Mama wa kituo cha nane akapiga kelele, "Kaka Saa, hesabu kwa sauti! Mimi namba zote zimenikimbia!"

"Shika kioo, mama! Uzi bado!"

Ulikuwepo kweli, mwembamba, unatetemeka, haukatiki. Na hapo karani akaitazama saa, akaona wakati wa karatasi umefika, akapuliza firimbi. "Vueni vioo! Ni giza sasa!"

Miaka kumi na miwili nilikuwa nimeanza na kuacha kazi kwa firimbi ile. Mkono ulitii kabla yangu. Nikautazama uzi wa jua kwa jicho tupu, nikangoja ukatike ili nianze moja. Haukukatika. Ukanenepa, jua likarudi, nami moja sijaitamka. Sufuri. Nikajua papo hapo kwamba karatasi imekosea na mimi ndiye ninayo ile namba aliyoifuata. Nilikimbia kwa karani nikicheka, jicho linawaka moto.

Mliyoyasoma mwanzo yalitokea hapo.

Mtaalamu alipofika na gari lake, akaisoma orodha, uso ukamshuka. Karani akatutafsiria kwa fahari, "Anasema yote yamelingana." Nikamshika mtaalamu mkono, nikamwonyesha jua, nikatikisa kichwa. Alinitazama, akamwuliza karani kitu. "Nimemwambia unashukuru," karani akaniambia. Gari likaondoka kwenda Voi.

Lile doa halijatoka. Uso wa mke wangu nautazama kwa upande, kwa jicho la kulia. Jicho ningelisamehe, mkono ulikuwa wangu. Lakini huko ng'ambo kuna hesabu ya jua yenye sita badala ya sufuri, na jicho zima lilitumika kuipata hiyo sufuri.

Sasa una duka Bomeni, karani, na nikipita unaniuliza jicho linaendeleaje. Usiniulize jicho. Daftari ulikuwa nalo wewe, firimbi wewe, penseli wewe, na ulimi wa kunisemea ulikuwa wako. Toka nje ya duka, mbele ya wateja wako, ujibu: nani alikuruhusu kuikata sufuri yangu?